Namna ya kupima afya ya kifedha na uendelevu wa kampuni katika masoko yanayoibukia

Maswali ni yale yale kila mara. "Kampuni imetangaza faida miaka mitatu mfululizo, imekuwaje inashindwa kuwalipa wasambazaji?" "Ripoti ya uendelevu ina kurasa mia, nianzie wapi?" "Uwiano mzuri ni upi?" Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayeanza: mwanafunzi wa uhasibu, mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa au hatifungani, ofisa mikopo, au msambazaji anayejiuliza kama mteja wake mkubwa ataweza kumlipa mwakani.

Nitangulize msimamo wangu. Katika masoko haya, kinachoiangusha kampuni mara nyingi si kukosa wateja, wala si kukosa faida kwenye karatasi. Ni fedha taslimu kuisha. Na zikiisha, chunguza mambo mawili kwanza: deni la sarafu ambayo kampuni haiipati kwenye mauzo yake, na fedha zilizotoka kwenda kwa watu wa karibu na wenye kampuni. Masuala ya mazingira, wafanyakazi na utawala nayo yanaonekana kwenye hesabu hizo hizo, kwenye mistari unayoweza kuigusa kwa kidole. Kwa hiyo usiyasome peke yake.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitano. Mitatu ndiyo kiwango cha chini. Ziwe kamili: mizania, taarifa ya mapato, taarifa ya mtiririko wa fedha, mabadiliko ya mtaji, na maelezo ya hesabu. Muhtasari unaochapwa gazetini hautoshi, kwa kuwa maelezo ya hesabu ndiyo yanayoachwa nje, na humo ndimo mlimo na kazi yako kubwa.
- Ripoti ya uendelevu, kama ipo. Kampuni nyingine huiweka ndani ya ripoti ya mwaka.
- Kiwango cha kubadilisha fedha, mfumuko wa bei na riba ya benki kuu kwa miaka hiyo hiyo. Tovuti ya benki kuu ya nchi husika inavyo vyote.
- Hesabu za kampuni nyingine mbili za sekta ile ile, ikiwezekana za nchi ile ile.
- Lahajedwali, na daftari la maswali. Maswali usiyopata majibu yake yana thamani sawa na namba ulizopata.

Hatua ya 1: Msome mkaguzi kabla ya namba

Fungua ukurasa wa maoni ya mkaguzi wa nje. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haina maana kwamba kampuni ina nguvu. Hati yenye shaka ina aya inayoeleza shaka iko wapi, na aya hiyo isome mara mbili. Ukikuta hati isiyoridhisha, au mkaguzi ameshindwa kutoa maoni, namba zinazofuata hazina msingi wa kutegemewa.

Hata hati ikiridhisha, tafuta sehemu inayozungumzia mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Wakurugenzi wanatakiwa kuutathmini uwezo huo kwa angalau miezi 12 kuanzia mwisho wa mwaka wa hesabu, na mkaguzi hutoa tahadhari asiporidhika. Kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni kuna pia orodha ya mambo muhimu ya ukaguzi, ambapo mkaguzi anasema wazi ni eneo gani lilimpa kazi zaidi. Orodha hiyo inakuonyesha pa kuchimba.

Onyo: angalia tarehe ya saini. Hesabu zinazochelewa kila mwaka, au mkaguzi aliyebadilishwa ghafla bila maelezo, ni jambo la kuandika kwenye daftari kabla hujaendelea.

Hatua ya 2: Pambanisha faida na fedha taslimu

Chukua fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji kwa miaka yote mitano, ujumlishe. Chini yake andika jumla ya faida halisi ya miaka hiyo hiyo. Kwa kawaida fedha inapaswa kuizidi faida, kwa sababu uchakavu wa mitambo hupunguza faida bila kutoa hata senti benki. Ukiona fedha iko chini ya faida mwaka mmoja, huenda kampuni inakua haraka na imejaza ghala. Ikiwa chini kwa miaka mitano yote kwa pamoja, faida hiyo imekaa kwenye vitabu vya wadaiwa na huenda isije kukusanywa.

Kisha toa gharama za kununua na kutunza mitambo. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipa deni na gawio. Kampuni inayotoa gawio huku kinachobaki ni hasi inalipa wanahisa kwa mkopo. Hilo hutokea zaidi pale mwenye hisa mkubwa, iwe familia au serikali, anapotegemea gawio hilo.

Onyo: chini ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, kampuni zimekuwa na hiari ya kuiweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji au kwenye ugharimiaji. Kabla ya kulinganisha kampuni mbili, hakikisha zote zimeiweka sehemu moja. La sivyo, utaisifu moja kwa sababu ya mpangilio wa karatasi.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Gawanya wadaiwa (fedha ambazo wateja hawajailipa kampuni) kwa mauzo, zidisha kwa 365. Hizo ndizo siku ambazo kampuni husubiri kulipwa. Fanya hivyo kwa ghala na kwa wadai (fedha ambazo kampuni haijawalipa wasambazaji) pia, ila huko gawanya kwa gharama za bidhaa zilizouzwa. Siku za wadaiwa ujumlishe na za ghala, utoe za wadai: unapata muda ambao fedha ya kampuni imefungwa.

Hapa mteja mkuu ni nani ni swali zito. Kampuni inayoiuzia serikali inaweza kuwa na mteja asiyetoweka lakini anayelipa akipenda. Tafuta jedwali la umri wa madeni kwenye maelezo ya hesabu. Kama fungu la madeni yaliyopita siku 90 linakua huku tengo la madeni mabaya, yaani kiasi kilichotengwa kufidia yasiyolipika, limebaki pale pale, faida imepakwa rangi.

Tazama pia siku za wadai. Zikirefuka ghafla, aidha kampuni imeanza kuchelewesha malipo, au benki inawalipa wasambazaji kwa niaba yake na deni hilo linaendelea kuitwa la wasambazaji. Tangu hesabu za miaka inayoanzia Januari 1, 2024, viwango vya kimataifa vinataka mipango ya namna hiyo itajwe wazi, kwa hiyo ulizia maelezo yake.

Hatua ya 4: Lichambue deni kwa sarafu, muda na riba

Tumia muda wako mwingi hapa. Tafuta maelezo ya mikopo, utengeneze jedwali la safu nne: mkopeshaji, sarafu, mwaka wa kulipa, aina ya riba. Pembeni andika mapato ya kampuni kwa sarafu.

Julai 2, 1997 Thailand iliacha kuilinda thamani ya sarafu yake, baht, iliyokuwa karibu 25 kwa dola. Kufikia Januari 1998 ilikuwa imepita 50. Kampuni zilizokopa dola kwa sababu riba yake ilionekana nafuu zilijikuta na deni maradufu kwa pesa ya nyumbani, na mauzo yale yale. Funzo hilo halijazeeka. Kampuni ya simu ya MTN Nigeria iliuza zaidi mwaka 2023 kuliko mwaka uliotangulia, lakini baada ya naira kuachiwa Juni mwaka huo, hasara ya kubadilisha fedha ya takriban naira bilioni 740 iliisukuma kampuni kwenye hasara ya karibu naira bilioni 137 baada ya kodi. Wateja walikuwepo. Simu ziliendelea kulia. Kilichobadilika ni bei ya dola.

Sasa jaribu mwenyewe kwa kampuni ya mfano. Ina mali za 1,000 na madeni ya 620, kwa hiyo mtaji wa wenye hisa ni 380. Katika madeni hayo, 200 ni mkopo wa dola. Faida kabla ya riba na kodi ni 90, riba ni 40, na 16 ya riba hiyo inalipwa kwa dola. Mapato yote ni ya sarafu ya nyumbani.

Sema sarafu ya nyumbani imepoteza asilimia 30 ya thamani yake. Wengi wanaoanza huongeza asilimia 30 kwenye deni, na hapo wanakosea. Inabidi ugawanye kwa 0.7, kwa hiyo deni linapanda kwa karibu asilimia 43: 200 inakuwa 286. Tofauti ya 86 inakula mtaji, unaoshuka kutoka 380 hadi 294 kabla ya kodi. Riba ya dola inapanda kutoka 16 hadi karibu 23, na riba yote inakuwa 47. Mwanzo faida ya 90 iliweza kulipa riba mara 2.25. Sasa ni mara 1.92. Bado kampuni inapumua. Lakini kama malighafi nayo inaagizwa nje na faida ikashuka hadi 50, uwezo wa kulipa riba unabaki mara 1.07. Chochote kikiteleza, mteja mmoja akichelewa au mtambo mmoja ukizima, riba haitalipika.

Huna haja ya kubuni kila namba. Viwango vya kimataifa vinaitaka kampuni ieleze faida au mtaji ungeathirika vipi iwapo sarafu ingeshuka kwa kiwango kinachowezekana. Tafuta jedwali hilo kwenye maelezo ya hatari za kifedha. Kama kampuni imetumia asilimia 5 katika nchi ambayo sarafu yake imewahi kuporomoka kwa asilimia 30 ndani ya mwaka, lirudie zoezi kwa asilimia 30.

Kuhusu muda: linganisha deni linaloiva ndani ya miezi 12 na fedha taslimu iliyopo, ukijumlisha na uwezo wa kuzalisha fedha uliouona kwenye hatua ya 2. Katika masoko yenye mikopo ya muda mfupi, kampuni nyingi hutegemea benki kuongeza muda kila mwaka. Mwaka ambao serikali inakopa sana ndani na riba inapanda, benki huona ni salama zaidi kuikopesha serikali. Uliza kampuni itaelekea wapi.

Onyo: masharti ya mkopo yakivunjwa kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, mkopo wote unaweza kulazimika kuhamishiwa kwenye madeni ya muda mfupi. Ukiona mkopo wa miaka saba umehamia huko ghafla, usidhani ni kosa la uchapaji.

Hatua ya 5: Piga alama ya Altman, lakini usiiabudu

Edward Altman wa Chuo Kikuu cha New York alitoa fomula yake ya kutabiri kufilisika mwaka 1968 kwa kutumia kampuni za viwanda za Marekani. Baadaye alitengeneza toleo la masoko yanayoibukia lisilohitaji bei ya hisa sokoni:

Alama = 3.25 + 6.56A + 3.26B + 6.72C + 1.05D

A ni mali za muda mfupi kutoa madeni ya muda mfupi, ukigawa kwa mali zote. B ni faida limbikizi kwa mali zote. C ni faida kabla ya riba na kodi kwa mali zote. D ni mtaji wa wenye hisa kwa madeni yote. Juu ya 5.85 ni eneo salama. Chini ya 4.35 ni hatari. Katikati ni ukungu.

Kampuni yetu ya mfano tuipe mali za muda mfupi 400, madeni ya muda mfupi 350 na faida limbikizi 150. Inapata karibu 5.32, yaani iko kwenye ukungu. Sarafu ikishuka kama tulivyoona, na 60 ya mkopo wa dola ikiwa ya kulipwa mwaka huu, alama inashuka hadi karibu 4.66 kabla hujagusa faida ya uendeshaji. Mwelekeo huo ndio unaoutafuta. Namba moja peke yake haikwambii kitu kikubwa. Ipige kwa miaka yote mitano na kwa zile kampuni mbili za kulinganisha.

Onyo: usiitumie kwa benki wala kampuni za bima. Mizania zao zimejengwa tofauti kabisa.

Hatua ya 6: Jua nani yuko nyuma ya kampuni

Soma orodha ya wanahisa wakubwa, kisha majina ya wakurugenzi, kisha maelezo ya miamala na watu na kampuni zenye uhusiano. Fuata kila mkopo uliotolewa kwa kampuni dada: una riba gani, una dhamana gani, umewahi kulipwa? Jengo ambalo kampuni inapanga ni la nani? Haya ni maswali ya utawala bora na papo hapo ni maswali ya fedha.

Steinhoff ya Afrika Kusini ilitangaza kasoro za hesabu Desemba 2017, na thamani ya hisa zake ikayeyuka ndani ya siku chache. Uchunguzi wa kampuni ya ukaguzi ya PwC uliotolewa mwaka 2019 ulikuta miamala ya uongo au isiyo ya kawaida ya takriban euro bilioni 6.5 kati ya 2009 na 2017, iliyofanywa na kampuni zilizoelezwa kuwa huru kumbe zilikuwa na ukaribu na kundi hilo. Kwa mtu wa nje si rahisi kuugundua udanganyifu wa aina hiyo. Lakini faida inayotokana na miamala mikubwa ya mara moja na washirika wasiofahamika, huku fedha haionekani benki, unaweza kuiona ukirudi hatua ya 2.

Kampuni ya familia si kosa. Nyingine hudumu kwa sababu mwenyewe anafikiria miaka ishirini mbele. Angalia tu kama kuna wakurugenzi wanaoweza kusema hapana, na kama kamati ya ukaguzi inaongozwa na mtu asiyelipwa na mwenye kampuni kwa njia nyingine.

Hatua ya 7: Soma ripoti ya uendelevu ukiwa na hesabu mkononi

Ruka picha za kupanda miti. Chagua mambo matatu au manne yanayoweza kweli kuigusa biashara hiyo: maji kwa kiwanda cha vinywaji, nishati kwa saruji, ajali kwa ujenzi, ukarabati wa ardhi kwa mgodi. Kwa kila moja tafuta mstari wake kwenye hesabu.

Mgodi ndio mfano ulio wazi. Ripoti inasema ardhi itarudishwa kama ilivyokuwa. Nenda kwenye maelezo ya tengo la gharama za baadaye. Kuna kiasi gani? Kimekokotolewa kwa makadirio ya mwaka gani, kwa riba gani ya punguzo (ile inayogeuza gharama za baadaye kuwa thamani ya leo), na mgodi utafungwa lini? Riba ya punguzo ikiongezwa kidogo, tengo hupungua sana na faida huonekana nzuri. Ahadi isiyo na tengo kwenye vitabu iandike kama deni ambalo halijasemwa.

Kwa wanaouza nje, soma kanuni za mnunuzi. Umoja wa Ulaya ulianza kipindi cha mpito cha tozo yake ya kaboni mipakani Oktoba 1, 2023, na awamu kamili ilipangwa kuanza Januari 2026, kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni. Kiwanda cha chuma kinachotumia makaa na kuuza Ulaya kinakabiliwa na gharama mpya, ambayo si suala la hiari wala la sifa.

Kuhusu viwango: IFRS S1 na S2, viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, vilitolewa Juni 2023 kwa miaka ya hesabu inayoanzia Januari 1, 2024, lakini kila nchi inaamua yenyewe kama itavilazimisha na lini. Vinahusu athari za uendelevu kwa matarajio ya kampuni. Viwango vya GRI (Global Reporting Initiative) vinaangalia zaidi athari za kampuni kwa watu na mazingira. Ukijua ripoti imefuata kipi, hutailaumu kwa kukosa kile isichokusudia kukieleza.

Onyo: malengo ya 2050 yasiyo na bajeti ya miaka mitatu ijayo hayahesabiki. Tafuta matumizi ya mtaji yaliyotajwa kwa namba.

Hatua ya 8: Andika hukumu yako kwenye ukurasa mmoja

Jibu haya: fedha inatoka wapi, deni gani linaiva na kwa sarafu gani, nani anaweza kuchota, jambo gani la mazingira au watu linaweza kusimamisha uzalishaji, na ni tukio gani litakufanya ubadilishe mawazo. Weka tarehe. Rudi hesabu za nusu mwaka zikitoka.

Ukikwama

Hakuna taarifa ya mtiririko wa fedha. Itengeneze kwa kulinganisha mizania mbili: anza na faida, ongeza uchakavu, toa ongezeko la wadaiwa na la ghala, ongeza ongezeko la wadai. Haitakuwa kamili, ila itakuonyesha mwelekeo.

Mauzo yanapanda kila mwaka lakini huelewi kama kampuni inakua. Gawanya mauzo kwa kipimo cha bei cha mwaka husika. Ongezeko la asilimia 20 penye mfumuko wa asilimia 25 ni kupungua. Nchi ikifikia mfumuko wa karibu asilimia 100 kwa miaka mitatu kwa pamoja, kanuni ya uchumi wenye mfumuko uliokithiri inaanza kuangaliwa na hesabu hurekebishwa, kama ilivyokuwa Argentina kuanzia 2018 na Uturuki kuanzia 2022. Usizilinganishe hesabu zilizorekebishwa na zile za zamani kabla ya kuona namba za mwaka uliopita zilizorekebishwa pia.

Madeni yameruka mwaka 2019 bila mkopo mpya. Huenda ni mikataba ya kupanga, ambayo kanuni mpya iliiingiza kwenye mizania kuanzia Januari 1, 2019. Angalia maelezo kabla ya kuogopa.

Kampuni ina fedha nyingi lakini bado inakopa. Uliza fedha hizo ziko nchi gani. Kundi lenye matawi linaweza kuwa na fedha zilizokwama kwenye nchi isiyo na dola za kutosha kuzitoa. Viwango vinataka fedha zisizoweza kutumika kwa uhuru zitajwe, kwa hiyo zitoe kwenye hesabu yako ya hatua ya 4.

Hakuna ripoti ya uendelevu kabisa. Kampuni ndogo na za kati nyingi hazina. Tumia bili ya nishati na maji kwenye gharama za uzalishaji, kesi zilizotajwa kwenye madeni yanayoweza kutokea, idadi ya wafanyakazi na gharama zao mwaka hadi mwaka, na vibali vya mamlaka ya mazingira.

Namba zako hazilingani na za kampuni. Kagua kama umechanganya hesabu za kampuni mama peke yake na hesabu jumuishi za kundi. Mara nyingi ripoti moja ina zote mbili, safu kwa safu, na macho huteleza. Kwa deni la kundi tumia jumuishi. Kwa gawio unalotarajia, angalia za kampuni mama, kwa sababu huko ndiko litakakotoka.